Pumzi ya Biharusi

Kila alasiri Fauzia aliporudi shuleni alifanya mambo yale yale. Alimwamkia mama yake, akavua sare, akala wali uliofunikwa kwa kawa, kisha akajitanda leso na kupeleka kikombe cha maji katika chumba cha uani. Humo ndimo dada yake Ummi alimowekwa ndani. Maji aliyabeba mkononi, watu wakayaona. Pampu ya dawa ya pumu aliibana kwapani chini ya leso, na hiyo hakuna aliyetakiwa kuiona.

Ummi alikuwa karibu kuolewa. Kwao Msambweni, biharusi hutawishwa kwanza: hatoki nje, jua halimpigi, wala macho ya watu hayamfikii mpaka siku yake. Kazi yake ni kula, kulala na kusingwa kwa manukato ngozi ipate kung'aa. Mwanamke mtu mzima, anayeitwa somo, hukaa naye chumbani akimfunza mambo ya nyumba na ya ndoa. Somo wa Ummi alikuwa Bi Shutu, mama mnene mcheshi ambaye mikono yake ilisifiwa kwa kusinga. Bi Shutu alijua habari za kila nyumba kuanzia Msambweni mpaka Diani, na ulimi hauna mfupa. Habari alizozijua yeye, zilijulikana.

Ndiyo maana pampu ilipitishwa kwa siri. Ummi alikuwa na pumu tangu utotoni. Miaka miwili nyuma alikuja mchumba kutoka Mombasa, lakini watu wake waliposikia habari ya pumu walileta salamu kwamba kijana wao bado anasoma. Haukupita muda, kijana huyo aliyekuwa bado anasoma akaoa msichana wa Tiwi. Mama Ummi alilia mpaka macho yakamvimba. Basi posa ya Nassir, fundi umeme wa Diani, ilipofika, aliwaketisha mabinti zake wawili kitandani.

"Pumu ya Ummi ni siri yetu sisi watatu na baba yenu," aliwaambia. "Asijue somo, asijue mkwe. Akishaolewa, yeye na mumewe watajuana. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Mama," walijibu wote wawili.

Baba yao alikuwa dereva wa lori, na siku zake nyingi zilikwisha mpakani Lunga Lunga. Mambo ya harusi alimwachia mkewe, kama wafanyavyo akina baba wengi, halafu hushangaa mambo yakiharibika.

Ummi alikuwa na dawa mbili. Moja alipaswa kuivuta kila asubuhi na kila jioni, hata akijisikia mzima, ili kifua kisiwe chepesi kushikwa. Ya pili ndiyo ile pampu, ya kutumia anapobanwa. Ile ya kila siku aliiacha tangu alipowekwa ndani, maana Bi Shutu alilala naye chumba kimoja na kuamka naye. Ilibaki pampu tu, nayo ilitegemea Bi Shutu aende msalani au akaongee na jirani dirishani. Siku nyingine hakuondoka kabisa. Siku hizo Fauzia alirudi na pampu yake kwapani, na usiku alikisikia kikohozi cha dada yake kupitia ukuta, asijue la kufanya.

Tena kulikuwa na udi. Biharusi wa pwani asiyenukia udi ni biharusi gani? Kila magharibi Bi Shutu aliweka makaa kwenye chetezo, akatia vipande vya udi, akafukiza nguo, nywele na chumba kizima. Moshi ulijaa mpaka darini. Ummi akikohoa alisema ni vumbi la mkeka.

Msimu huo wa baridi mafua yalienea shuleni kwa kina Fauzia. Wanafunzi wa Gredi ya Sita walipiga chafya kwa zamu, mwalimu akashindwa hata kusikika. Jemima, aliyekaa dawati moja na Fauzia, alikuwa na pua nyekundu kama pilipili.

"Jemima, wewe ndiwe uliyenipa mafua haya," Fauzia alilalamika asubuhi moja, kichwa kikimgonga.

"Mimi nimepewa na darasa zima, nawe nimekugawia kidogo tu," Jemima alimjibu, wakacheka. Kisha Jemima akamwuliza, "Lakini kwenu hakuna mgonjwa? Mwalimu amesema tusiwakaribie wazee na watu wenye maradhi ya siku nyingi. Shangazi yangu wa Kinango ana sukari, na mama amesema nisiende huko mpaka nipone."

"Kwetu hakuna mgonjwa," alisema Fauzia.

Uongo huo ulimtoka kwa urahisi kwa sababu alikuwa ameuzoea. Siku mbili alilala kwa homa, akanywa chai ya tangawizi na limau, na siku ya tatu akawa anaruka kamba uani. Kwake yeye mafua yalikuwa yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Ummi aliamka akiwa na homa, mwili unamuuma, makamasi yanamtoka. Mama alimpikia chai ile ile ya tangawizi na limau, akamfunika blanketi, akasema, "Fauzia alipona kwa hii hii." Lakini jioni ilipofika, kifua cha Ummi kilianza kulia. Kila akivuta pumzi, ulisikika mluzi mwembamba.

"Hii ni baridi imemwingia," Bi Shutu alisema kwa uhakika. "Mama Ummi, tumfukize. Maji ya moto na majani ya mwarobaini, ajifunike gubigubi. Halafu tumpe udi wa kutosha, kifua kitafunguka."

Mama alisimama mlangoni akiwa ameshika sinia. Fauzia alimwona akifungua mdomo na kuufunga. Angesema "msimfukize", Bi Shutu angeuliza kwa nini. Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

"Haya," Mama alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Lakini kidogo, Bi Shutu. Kidogo tu."

Bi Shutu hakujua kufanya jambo kidogo. Ummi alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya mvuke, akatolewa akiwa ametota jasho, kisha chetezo kikawekwa karibu na kitanda. Fauzia alizunguka uani na kikombe chake cha maji kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Aliingia, akatoka, akaingia tena. Bi Shutu alikuwa ameketi pale pale kitandani, akimpapasa mgonjwa mgongo kwa mapenzi ya kweli. Fauzia alitamani amchukie, akashindwa, kwa sababu mama yule hakuwa na kosa lolote. Hakuambiwa.

Kesho yake ikawa Jumamosi, na kabla ya adhuhuri Bi Mishi, mama yake Nassir, aliwasili kutoka Diani kumjulia hali mkwewe. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Alileta tende, halua na kijaluba cha udi wa thamani.

"Nimesikia mwanangu hawezi kidogo," alisema baada ya kusalimiana. "Nikasema nije nimwone mwenyewe."

"Ni mafua tu, Bi Mishi," Mama alimjibu kwa tabasamu ambalo Fauzia hakuweza kulitazama. "Mafua ya watoto wa shule."

Kwa heshima ya mgeni, udi wake ulitiwa motoni papo hapo. Ndivyo adabu inavyotaka: zawadi ya mkwe haiwekwi kabatini. Moshi mzito ukapanda. Ummi alijaribu kumwamkia Bi Mishi, lakini "shikamoo" ilikatika katikati. Alijiinua, akaegemeza mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Fauzia alichomoa pampu mbele ya wote bila kujali, akampa. Ummi aliivuta, akaivuta tena. Hakuna kilichobadilika.

"Kitu gani hicho?" aliuliza Bi Shutu.

"Dawa ya mafua," Mama alidakia upesi. "Jamani, tumpeleke hospitali."

Walipanda tuktuk, Ummi katikati, mama yake upande mmoja na Bi Mishi upande wa pili, na Fauzia akajibana mbele kwa dereva. Bi Mishi ndiye aliyeshika mkoba wa mgonjwa. Hakuna aliyeweza kumwambia abaki nyumbani. Utamwambiaje mkwe abaki, naye amekuja kwa wema?

Hospitalini walipokewa na daktari wa kike aliyevaa barakoa, jina lake Daktari Kahaso. Alimtazama Ummi mara moja akaagiza awekewe oksijeni, kisha akaanza kuuliza huku mikono ikifanya kazi.

"Ameanza lini?"

"Jana, daktari. Homa na makamasi," alisema Mama.

"Ana maradhi mengine yoyote? Pumu, sukari, moyo?"

Mama alimtazama Bi Mishi, aliyesimama karibu na mlango na mkoba wa Ummi mkononi.

"Hana," alisema. "Mwanangu ni mzima."

Daktari aliweka kipimo mgongoni kwa Ummi, akasikiliza upande huu na upande ule, akakunja uso. "Kifua hiki hewa haipiti. Hata ule mluzi siusikii vizuri. Hajawahi kubanwa, hata utotoni? Fikiri vizuri, mama."

"Hajawahi."

"Basi huenda ni nimonia kali, au kitu kingine. Tumpeleke akapigwe picha ya kifua, tupime na damu, ndipo tujue tunapambana na nini."

Ummi hakuweza kusema hata neno moja. Pumzi yote aliyokuwa nayo aliitumia kuitafuta nyingine. Aligeuza macho yake kwa Fauzia, macho makubwa yenye hofu. Fauzia alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha Fauzia peke yake kuona.

Mtoto wa pwani hufundishwa mapema kwamba hamkadhibishi mzazi wake mbele za watu, seuze mbele ya mkwe. Fauzia alikuwa ameahidi. Tena aliandika insha shuleni kuhusu methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, na mwalimu akamsifu. Kuiandika kumbe ni kazi rahisi. Wauguzi walianza kukisukuma kitanda kuelekea mlangoni, na kichwa cha Ummi kikalala upande, kama cha mtu anayesinzia.

"Daktari, ana pumu!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wote waligeuka. "Dada yangu ana pumu," alisema tena, machozi yakimtoka. "Alilazwa Mombasa alipokuwa kidato cha kwanza, akawekewa mashine ya kupumulia. Na dawa yake ya kila siku hajaivuta tangu alipowekwa ndani. Wamemfukiza udi jana na leo. Na mafua nimempa mimi."

"Fauzia!" Mama alisema, kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Daktari Kahaso hakumgombeza mtu. Hakuwa na wakati huo. "Mrudisheni hapa!" aliwaita wauguzi. "Leteni mashine ya dawa ya mvuke, na sindano, haraka. Na mpigieni simu daktari mkubwa, mwambieni nina mgonjwa wa pumu aliyewahi kuwekwa kwenye mashine."

Bi Mishi aliuweka mkoba juu ya kiti taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akatoka nje bila kuaga.

Fauzia na mama yake waliambiwa wangoje kwenye benchi ukumbini. Walikaa. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kulisikika viatu vinavyokwenda mbio na ngurumo ya mashine. Fauzia alitaka kumshika mama yake mkono, akaogopa. Alitaka kuomba dua, akaanza mara nyingi na kupoteza maneno katikati, maneno aliyoyajua tangu madrasa. Hakuna kitu kigumu kama kukaa tu. Angeambiwa achote maji kisima kizima, angechota. Angeambiwa atembee mpaka Kombani kwa miguu, angetembea. Hakuambiwa afanye lolote, kwa sababu hakukuwa na lolote la yeye kufanya.

Daktari alitoka, wote wawili wakasimama.

"Bado," alisema. "Tunaendelea." Akarudi ndani.

Mama alimpigia Baba simu, ikawa haipatikani. Akapiga tena. Akaiweka simu mapajani na kuitazama tu. Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikiti wa jirani, na wao bado wako pale pale. Muuguzi alipita na sinia, hakuwatazama, na kwa hilo peke yake Fauzia aliamini dada yake amekufa. Alilia kwa kwikwi. Hapo ndipo Mama alipomvuta kifuani kwake, wakalia pamoja, bila hata mmoja kumwomba mwenzake msamaha.

Jua lilikuwa limeanza kupungua makali daktari alipotoka tena. Safari hii aliketi nao kwenye benchi.

"Dawa imeanza kumfungua," alisema. "Anapumua. Hajatoka hatarini kabisa, leo na kesho tutakuwa naye macho. Tumepima pia makamasi yake. Ni virusi vya homa ya mafua, vile vile vinavyozunguka shuleni."

"Lakini mimi nilipona kwa chai ya tangawizi!" alisema Fauzia. "Kwa nini yeye isimponye?"

"Hukuponywa na chai, mwanangu. Mwili wako ulikuwa mzima, ukapigana vita vyake peke yake kitandani. Mwili wa dada yako ulikuwa tayari na vita vingine. Mwenye pumu, njia za hewa kifuani ni nyepesi kuvimba. Virusi vikiingia, huvimba zaidi, zikajifunga. Ndiyo maana tunauliza kila mgonjwa kama ana maradhi mengine. Asubuhi nimempokea mzee mwenye sukari, na jana mama mwenye ugonjwa wa moyo. Wote ni mafua haya haya ambayo jirani zao wanayapuuza. Wajukuu zao wanacheza mpira, wao wako kwenye oksijeni."

"Niliona nikimficha ninamlinda," Mama alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena. "Walimkataa mara moja, daktari. Niliogopa wamkatae tena."

"Ninaelewa, mama. Lakini virusi vilimjua bila ya kuambiwa. Tuliohitaji kuambiwa ni sisi." Daktari alimgeukia Fauzia. "Nilikuwa natafuta mahali pengine kabisa. Wewe umenionyesha njia. Na la kumpa mafua, usijilaumu, mafua hayaombi ruhusa. Ila siku nyingine ukiwa nayo, kaa mbali na mwenye maradhi, funika kikohozi chako, nawa mikono. Na dawa ya kila siku haiachwi kwa sababu ya harusi, wala kwa sababu ya mfungo, wala kwa sababu ya wageni."

Kesho yake mchana Ummi aliweza kuketi. Uso ulikuwa umesawijika, na ile ngozi iliyosingwa kwa majuma mengi ilikuwa kavu kama ya mtu aliyetoka safari. Singo yote ilikuwa imekwenda bure. Lakini kifua kilipanda na kushuka polepole, na Fauzia alikaa akikitazama bila kuchoka.

Bi Mishi aliingia na chupa ya uji. Mama alisimama haraka, akaangalia chini. Fauzia alijua kilichokuja: salamu nyingine kwamba kijana bado anasoma.

Bi Mishi aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa. "Jana sikuondoka kwa hasira, Mama Ummi," alianza. "Niliondoka kwa hofu. Nilikwenda kukaa nje, nikawa nafikiri juu ya siku ya harusi. Kwetu biharusi hupokewa mlangoni kwa chetezo. Akina shangazi zake Nassir husimama pande mbili, kila mmoja na udi wake, na biharusi hupita katikati ya moshi mpaka chumbani. Hufukizwa yeye, kitanda, na mito, siku zote za fungate." Akaiweka chupa ya uji sakafuni. "Ningemwua mwanao kwa mikono yangu, Mama Ummi. Ningemwua huku nikipiga vigelegele, na mpaka naingia kaburini nisingejua ni mimi."

Mama alijibwaga kwenye ukingo wa kitanda.

"Maradhi si aibu," Bi Mishi aliendelea. "Kila nyumba ina yake. Aibu ni kumpa mtu mwanao amtunze, usimwambie anavyotunzwa. Harusi itangoja apone, Nassir amesema mwenyewe. Udi hautaingia nyumbani kwangu tena, na Bi Shutu atakatazwa na mimi. Lakini sitaki kubahatisha. Usilie. Niambie yote, tangu mwanzo, mbele ya wote waliopo."

Wodini mlikuwa na wagonjwa wengine, na jamaa zao, na muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka. Mama aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akajifuta uso kwa upande wa leso.

"Ummi ana pumu," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka kitanda cha mwisho. "Alianza akiwa mdogo, hajaanza hata kwenda shule."